Mwanangu, irudishe gemu kabla hujapanda ndege

Mwanangu Hamisi,

Assalaam alaykum baba. Nimeona niandike maana nikipiga simu unasema "nimekuelewa mama" hata sijafika popote. Isome yote tafadhali, ukiwa umekaa, usiisome kwenye daladala.

Zuhura kaniambia umefuta RuneScape, ile gemu yetu ya mtandaoni, kwenye simu yako. Eti nafasi imejaa, eti ukifika Dubai mambo ya gemu basi, sasa unakwenda kutafuta maisha. Hamisi, simu yako imejaa video za mpira, imejaa vichekesho mnavyotumiana kwenye magrupu, hivyo vyote hukuviona ukaona ufute hiyo moja ambayo mimi na wewe tunakutana humo? Sikulala vizuri, nakwambia ukweli. Nakuomba uirudishe kabla hujapanda ndege, ukishafika huko utasema bando, utasema uchovu, na haitarudi tena.

Unajua kinachoniogopesha. Baba yako mdogo naye alikuwa anaandika "niko poa" kutoka Muscat, kila wiki niko poa, niko poa, na yaliyofuata unayajua siyarudii hapa. Wewe una mwandiko huo huo. Na huko Dubai WhatsApp haipigiki, ujumbe unapita na sauti za kurekodi zinapita lakini kupiga tukaongea kama tunavyoongea sasa hakuna, labda kwa zile programu walizoziruhusu wenyewe. Sasa nitakujuaje? Nitasoma niko poa, nitakaa nayo hiyo niko poa, nitaigeuza geuza?

Ukiwa kwenye gemu nakuona. Jina lako likionyesha uko ndani najua Hamisi yuko macho, yuko mzima, amepata dakika zake za kupumzika, hata usiponiandikia neno mimi inanitosha. Na ukija tukasimama sehemu moja unaongea. Habari za yule binti wa Korogwe ulinieleza wapi? Tulikuwa tunakata miti, mikono iko kwenye kazi, ukaandika mstari mmoja, ukanyamaza, ukaandika mwingine. Mezani kwangu umekula wali wangu miaka yote hukuwahi kuniambia kitu kama kile. Sijakulaumu, ndivyo ulivyo, ndio maana nasema irudishe.

Halafu hili la kaka yako kusema mtu wa umri wangu anatia aibu, na wewe ukacheka, Zuhura kaniambia ulicheka. Mimi nimefanya zamu za usiku wodini muda mwingi wa kazi yangu, mwili ukazoea, kustaafu hakujabadilisha kitu, saa nane usiku macho yako wazi kabisa. Wenzangu saa hizo wanahesabu madeni na kuwakumbuka waliokufa. Mimi navua. Unagusa pale maji yanapotoa mapovu, mtu wako wa kwenye gemu anatupa chombo, begi lina nafasi 28, likijaa unapeleka benki ya humo, ukirudi samaki wamehama unawafuata. Nilianza na kamba wadogo pale mji wa Lumbridge, humohumo kwenye gemu, nikaja kupanda boti ya sarafu 30 kwenda kisiwa cha Karamja kwa ajili ya kambakochi, levo 40 hiyo, na levo 76 ikanifungulia papa. Sasa niko levo 92 ya uvuvi. Na unajua mwenyewe kwenye gemu hii ukifika 92 ndio kwanza umefika nusu ya pointi, 99 ambayo ndiyo ya mwisho inataka pointi 13,034,431. Watu inawakatisha tamaa, mimi inanipa raha sana, maana kuna mahali pa kwenda kesho na kesho kutwa na hakuna anayenikimbiza.

Tena hii gemu imejengwa na watu wanaothamini cha zamani. Ilianza 2001 huko Cambridge, Uingereza, ikabadilishwa badilishwa mpaka wachezaji wakalalamika, mwaka 2013 wakapiga kura warudishiwe ilivyokuwa 2007, wakarudishiwa. Mpaka leo kitu kipya kikubwa hakiingizwi bila wachezaji kupiga kura, mpaka asilimia 70 wakubali. Mimi napiga kura zote, na nasoma kwanza. Wengi tuliomo ni watu wazima, wana kazi, wana watoto, wengine walianza wakiwa shule sasa wana mvi. Na yule bibi wa Marekani Shirley Curry, mzaliwa wa 1936, amerekodi video zake za gemu ya Skyrim zikafuatwa na watu zaidi ya milioni, hakuna aliyemwambia aende akalale.

Ninachokipenda kuliko vyote humo ni vita vya Tempoross, jini la bahari. Sisi watu wa pwani ile tunaielewa. Dhoruba imeshuka, bahari inachafuka, mnavua, mnapika, mnajaza samaki kwenye mizinga mlipige lile jini, radi ikiwasha moto mnauzima kwa ndoo za maji, na wimbi likija kila mtu anakimbilia mlingoti ajifunge kamba, asiyejifunga anazolewa anapoteza samaki wake. Hakuna bosi pale. Mtu humjui, hujui yuko nchi gani, unamuona ameacha kuvua kwake anakuja na ndoo kukuzimia moto wako. Kwenye klani yetu, kikundi chetu cha humo, wananiita mama, wamejua kwa vile nawauliza kama wamekula. Kuna dereva wa lori wa Ureno akipaki usiku anaingia nusu saa tunavua pamoja, kuna dada yuko Ufilipino anamuuguza mama yake, namwelekeza namna ya kumgeuza asipate vidonda vya mgongoni. Kiingereza changu cha kuchapa ni cha polepole, wananisubiri. Kaka yako akija hapa anakaa robo saa anaangalia saa.

Kuna habari niliisoma siku nyingi sikukwambia. Kijana wa Norway, Mats Steen, alikuwa na ugonjwa wa misuli wa kuzaliwa, ule wa Duchenne, alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Alikuwa anacheza World of Warcraft, humo anaitwa Ibelin. Wazazi wake walikuwa wanalia kwamba mtoto wao ameishi peke yake chumbani na kiti cha magurudumu, hana rafiki, hajapenda mtu. Alipokufa wakaandika taarifa kwenye blogu yake, basi barua pepe zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali, watu wanaeleza alivyowashauri, alivyowapatanisha, alivyowakalia usiku wakiwa na shida zao, na wengine wakasafiri wakaenda kumzika. Wazazi wale walimpenda, walimuuguza kwa mikono yao, na bado hawakujua mtoto wao ni nani mpaka alipoondoka. Niliweka simu chini nikakaa muda. Mimi sitaki kukujua hivyo Hamisi. Nataka nikujue sasa hivi, ukiwa hai, ukiwa unaninunia.

Na mambo ya ile simu yako niliyoiuza ukiwa kidato cha pili yaishe, mwalimu wako alinijaza maneno na pesa yenyewe iliingia kwenye ada. Leo ningefanya vingine. Tuendelee.

Mlisema nitaibiwa. Nani kaibiwa? Wanaokuja na "nipe milioni nikurudishie mbili" nawapita. Wanaoniita niwafuate pori la Wilderness wakaniue wachukue vitu vyangu siwafuati. Viungo vya zawadi sivigusi, benki yangu ya humo ina PIN ya tarakimu nne. Na pensheni yangu haiendi humo, mwambie na kaka yako, uanachama nalipa kwa bond, kama tiketi za uanachama, ninazonunua kwa sarafu za humohumo, nakusanya za papa ninaouza pale soko la Grand Exchange kidogo kidogo mpaka zifike, bond moja siku 14, zikiisha kabla sijapata nyingine narudi upande wa bure nakata miti.

Wewe ndiye ninayekuhofia na wajanja. Kwenye gemu ukibadilishana kitu na mtu inakuja skrini ya kwanza, halafu ya pili uhakikishe tena kabla hujakubali, na huyo wakala wako wa kazi hana skrini ya pili. Angalia visa, iwe ya kazi, isiwe ya matembezi kwa ahadi kwamba itabadilishwa mkifika. Mkataba upige picha kila ukurasa unitumie, na pasipoti pia. Mwajiri kukushikia pasipoti kule sheria inakataza, wapo wanaofanya, wewe ujue tu kwamba si haki yake. Wakikupanga nje kwenye jua, kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Septemba kazi za juani husimama saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, hilo ni agizo la serikali yao usiogope kuliuliza. Maji kunywa kabla ya kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi umechelewa, hilo nakwambia kama muuguzi.

Cheti chako cha foklifti nimekitia kwenye plastiki ngumu. Nimekiangalia sana kile cheti. Wengi mlioanza nao VETA waliacha njiani, wewe ulikuwa unatoka hapa Chumbageni kabla jua halijachomoza, na sikukwambia siku ile kwa vile watu walikuwa wengi ukumbini, ila nilifurahi mno. Ndio maana nakasirika ukijifanya hukuwahi kupenda kitu chochote, eti gemu ya kitoto. Nani alinionyesha? Nani alikaa na mimi jioni mbili nzima ananifundisha kuwasha moto na kupika bila kuunguza? Ulikuwa na subira ambayo hata kwa wanafunzi wangu wa uuguzi sikuwa nayo mimi. Halafu unasema ya kitoto.

Mnasema pia ni kupoteza muda. Venezuela uchumi ulipoanguka vijana walikuwa wanaingia kwenye RuneScape hii hii wanawinda majoka ya kijani usiku na mchana, wanauza dhahabu ya gemu kwa wageni wapate dola za kununulia unga. Sheria za gemu haziruhusu na mimi siungi mkono, na wachezaji wengine walikuwa wanawasaka wawaue wakiwatukana. Nilikuwa nawapita nikiwaona, mtu anatafuta chakula cha wadogo zake. Wewe nawe unakwenda kutafuta, nataka huko uendako watu wakupite kwa heri.

Kufuta programu hakujamfuta mtu wako, usiwe na wasiwasi. Akaunti iko kwenye seva zao, mtu wako yuko palepale ulipomwachia, na uvuvi wako wa levo 61 upo. Ukiiweka tena unaingia kwa paswedi ile ile. Sikuombi ushinde humo, najua utachoka, foklifti inataka macho. Nusu saa Ijumaa, au ile dakika ya basi la kuwapeleka kambini. Dubai wanatutangulia saa moja tu, ukitoka zamu ya usiku mimi niko macho. Ingia, tuvue, usiseme chochote kama hutaki. Ukiumwa niandikie humo. Wakichelewesha mshahara niandikie humo. Ila usininyamazie.

Mambo ya hapa. Mpangaji wa chumba cha uani amelipa miezi miwili, ule mwezi wa nyuma ameniomba tena, nimempa mpaka mwisho wa mwezi na kaka yako asiingilie. Bati la jikoni fundi amelitazama anasema misumari imelegea, atarudi Jumatatu, pesa uliyoacha inatosha. Machungwa ya Muheza mwaka huu bei mbovu, shangazi yako ameleta gunia zima bure nimegawa kwa majirani. Mbuzi yule mweusi amezaa pacha, mmoja dhaifu nampa maziwa kwa chupa. Presha yangu iko sawa, dawa nakunywa, usimuulize Zuhura niulize mimi.

Kabla hujaondoka njoo Tanga hata kwa siku moja, nauli nitatuma. Nikiacha kusema nitasahau, kwenye akaunti yangu nataka uniwekee ule uthibitisho wa hatua mbili, ile namba inayobadilika badilika kwenye simu, nimejaribu mwenyewe inanikatalia kwenye msimbo wa picha. Uje na ile chaja yako ndefu, yangu imekatika shingoni. Na uje na simu ikiwa imeshawekwa gemu, nitaifungua mwenyewe nione.

Mama yako