Risala kwa Mgeni Rasmi: Kata Utepe, Lakini Koki ya Shule Isubiri Majibu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi,
Ndugu Meneja wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Washili, viongozi wa koo zetu, viongozi wa dini, walimu na wanafunzi,
Kina mama, kina baba, wananchi wote,

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa niaba ya Chombo cha Watumia Maji cha kijiji hiki tunakukaribisha mteremkoni mwa Mlima Meru, leo tarehe 22 Machi, kilele cha Wiki ya Maji. Tunakushukuru kwa kuja kutuzindulia kisima kirefu. Risala yetu haitazungumzia sana mabomba wala fedha. Tunataka kusema juu ya maji yenyewe, yaani kile kinachoingia tumboni mwa mtoto anapokunywa.

Wazee walioketi hapa mbele wanakumbuka mwaka 1971, serikali ilipoweka lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo jema. Ila tangu wakati huo tumezoea kupima maji kwa miguu. Tukiulizwa hali ya maji tunajibu vituo vingapi, foleni ndefu kiasi gani, ndoo shilingi ngapi. Maji ya chemchemi yetu hutoka chini ya miti yakiwa maangavu na ya baridi, na hakuna aliyewahi kuyatilia shaka.

Masika ya mwaka juzi yakatufumbua macho. Banio la chemchemi, pale maji yanapokingwa kuingia bombani, lilipata ufa, na maji ya mvua yaliyopita malishoni yakaingia. Bombani yalitoka na ukungu kwa siku mbili; tukasema ni mvua, yatatulia. Kweli yakatulia. Siku ya nne zahanati ikajaa watoto wanaoharisha, na mjumbe mmoja wa kamati yetu alikesha na mjukuu wake akiwa kwenye dripu. Mheshimiwa, tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, ilikuwepo stoo. Wiki kadhaa tulikuwa hatujaitia tangini, kwa kuwa watu walilalamikia harufu nasi hatukutaka maneno. Kosa lilikuwa la kamati, na tuliomba radhi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Tangu hapo tumejifunza kazi hii upya. Tangi letu ni la lita 50,000. Fundi wetu hupima gramu 154 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, kiasi kinachotoa miligramu 2 kwa kila lita ya maji. Huikoroga kwenye ndoo ya plastiki, huacha chokaa ituame, humimina maji ya juu tangini, kisha husubiri si chini ya nusu saa kabla ya kufungulia. Mwanzoni tulidhani ukishatia dawa umemaliza. Kumbe maji yenye tope huila dawa yote kabla haijawafikia vijidudu. Kwa hiyo siku hizi mvua ikichafua chemchemi tunafunga kwanza, hata kama watu watanung'unika. Na kipimo chenyewe hakisomwi tangini. Kinasomwa bombani, pale anapochota mwananchi, na tunachotafuta ni klorini iliyobaki ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Hapo ndipo tulipokutana na jambo lililotushangaza kuliko yote. Tangini kipimo kilikuwa kizuri. Kwenye kituo cha mwisho kule bondeni kilikuwa sifuri. Fundi akaifuata laini kwa miguu na kukuta bomba limetobolewa sehemu mbili kwa ajili ya kumwagilia mboga, matundu yamezibwa kwa mpira wa baiskeli. Mchana, maji yakiwa na nguvu, tundu hilo huvujisha tu. Lakini tulipokuwa tukifunga laini usiku, bomba lilibaki tupu likawa linavuta kwa ndani, na kila penye tundu likanyonya tope na maji ya mfereji. Asubuhi uchafu ule ulimwendea wa kwanza kuchota, na wa kwanza kuchota ni mtoto anayewahi shule. Matundu yameshafungwa kwa viungo halali, na hatufungi tena laini usiku ila kwa matengenezo.

Ulikuwepo pia uvumi kwamba dawa hii hufunga uzazi. Mama mmoja alisimama mkutanoni akauliza waziwazi, na tunamheshimu kwa hilo, maana wengi walikuwa wakinong'ona tu. Tulichota maji ya bomba kwenye kichupa kimoja na ya mtoni kwenye kingine, tukatia kila kimoja kidonge cha DPD, kinachoonyesha kama maji yana klorini. Ya mtoni yakabaki vilevile. Ya bomba yakageuka rangi ya waridi. Tukaeleza kwamba ile rangi ni dawa iliyobaki ikilinda maji njiani mpaka nyumbani, na kwamba ni kidogo kiasi kwamba ndoo ikikaa wazi kutwa, inaisha. Sasa kina mama wakifika kituoni humuuliza fundi, "Leo ni pinki?" Asipokuwa na jibu wanamsuta. Hakuna semina iliyotufikisha hapo, ni kichupa kile. Na ni mama huyohuyo aliyeuliza ambaye leo anawahimiza majirani kutumia ndoo yenye mfuniko na koki, badala ya kuchovya kikombe ambacho kila mkono umekishika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuiandike risala hii mara tatu.

Umewasikiliza watoto wa darasa la kwanza wakikuimbia. Tunaamini umeona meno yao yalivyo meupe. Mimi ninayesoma mbele yako nililelewa na maji ya mto kabla chemchemi haijavutwa, na meno yangu unayaona hayako hivyo. Ni floridi, madini yanayoyeyuka majini. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima huu tunaoupenda. Huchora meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, na ikinywewa kwa wingi miaka mingi hukaza mifupa na kupinda viungo. Wapo bibi na babu zetu waliotembea wameinama mpaka wakaingia kaburini, na watu wakasema ni uzee. Wapo vijana waliokua wakifunika mdomo kwa kiganja kila wanapocheka.

Floridi haina rangi wala harufu. Klorini haiigusi. Kuchemsha hakuitoi; maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, hivyo huzidi. Nchi yetu kwa miaka mingi ililazimika kuvumilia maji ya vijijini yenye floridi hadi miligramu 8 kwa lita, baadaye 4, kwa sababu penginepo hapakuwa na maji mengine. Leo kiwango ni 1.5. Chemchemi yetu ilipimwa, iko chini ya hapo. Ndiyo maana watoto wale wanacheka bila kuficha midomo.

Kisima unachokizindua leo kimechimbwa kwa sababu shule imekua na chemchemi haitoshi. Tunakihitaji kwelikweli. Sampuli ilichukuliwa na kupelekwa maabara, majibu ya floridi bado hatujayapata. Hatumlaumu mtu. Ila tunaomba, kwa heshima zote na tukijua ratiba ya leo ilivyopangwa, ukate utepe na pampu iwashwe, lakini koki ya kunywa pale shuleni ibaki imefungwa mpaka majibu yatakaposomwa hadharani. Kwa sasa maji ya kisima yatumike vyooni, kudekia na bustanini. Ya kunywa watoto waendelee kupata kutoka kituo cha chemchemi. Kamati imeshapanga zamu ya kuyapeleka.

Majibu yakiwa mabaya hatutakifukia kisima. Maji yanaweza kuchanganywa: kisima kikiwa na miligramu 4 na chemchemi 0.5, ndoo moja ya kisima kwa tatu za chemchemi hutoa takriban 1.4. Pia hatuko mbali na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambako kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kumefanyiwa kazi muda mrefu. Lakini huwezi kuchanganya wala kuchuja usichokipima.

Tuna maombi mengine mawili. Tunaomba chombo chetu kipatiwe kipima klorini cha kudumu na vidonge vyake, maana hiki tulichonacho ni cha kuazima. Na tunaomba utaratibu wa kupeleka sampuli za vijidudu maabara ya Arusha kila masika na kila kiangazi. Sampuli hizo zinatakiwa zikae kwenye baridi na zifike ndani ya saa chache. Deli la barafu tunalo, usafiri wa siku hiyo ndio unaotushinda. Sisi kwa upande wetu tutabandika kila jibu, zuri na baya, kwenye ubao wa kijiji. Tutaendelea pia kulinda mita 60 kuzunguka chemchemi kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Mifugo tayari imeshatolewa, na miche ya miti ya asili iliyopandwa na wanafunzi hawa imeshika.

Funguo ya koki ya shule iko kwenye bahasha hii. Mheshimiwa, tunaomba uipokee na umkabidhi Mwalimu Mkuu kwa mkono wako, aitunze mpaka siku ya majibu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, Chombo cha Watumia Maji