Kadi za katalogi zisitupwe kabla ya uhakiki

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie uhamishaji wa kadi za katalogi, zenye maelezo ya kila kitabu, kwenda kwenye kompyuta katika maktaba za shule na vyuo vya Mbeya na Iringa. Kosa kubwa ni kunakili jalada. Rekodi hutoka ukurasa wa jina la kitabu na upande wa nyuma wa ukurasa huo, penye mchapishaji, mwaka na toleo. Wasiofungua huko huandika “chapa ya tatu” kuwa “toleo la tatu”. Chapa ni maandishi yale yale kupigwa tena. Toleo jipya limebadilishwa, na kurasa zake huenda zisilingane na zile alizotaja mwalimu.

Tatizo jingine ni ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Kabla ya 2007 ilikuwa na tarakimu 10, na ya mwisho, ile ya kukagua usahihi wa namba, yaweza kuwa herufi X. Ikiachwa hiyo X, namba ni batili. Kitabu cha zamani kisicho na ISBN kiachiwe nafasi wazi. Kubuni namba ni kuharibu rekodi.

Nashauri wakuu wa shule na vyuo wapange watu wawili kwa kila rafu: mmoja asome kitabu mkononi, mwenzake afuatilie kwenye skrini. Hadi rafu ya mwisho ihakikiwe, kadi zibaki kwenye droo zake.

Mkutubi,
Iringa