Barua kwa rafiki aliyeko Moshi kuhusu diski isiyotambuliwa na mazabodi

Arusha

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Arusha. Sisi ni wazima, na natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale unapoeleza kwamba tangu fundi akufungie mazabodi iliyotumika, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, badala ya ile iliyoungua, diski ya studio yako ya picha haionekani, na kwamba fundi huyo ameshakuambia diski imekufa na ununue nyingine. Naomba usiikubali hukumu hiyo kwa sasa. Ndani ya diski hiyo zimo picha za harusi na za kipaimara za familia za Kibosho, Marangu na Machame, na wengi wa wenye picha hizo hawana nakala nyingine popote. Ni haki yao diski ichunguzwe kwa utaratibu kabla haijatupwa, na kwa maelezo uliyoniandikia, naona dalili nyingi zinaelekea kwenye mazabodi na jinsi inavyowasiliana na diski kuliko kwenye diski yenyewe. Unasema diski inazunguka kwa sauti ile ile ya siku zote, haigongi, na mara nyingine ukiiwasha kompyuta upya inajitokeza kwa muda kisha inapotea. Diski iliyokufa haina tabia hiyo.

Ili tuelewane, nieleze kwanza kinachotokea. Kompyuta inapowashwa, kidhibiti cha diski, yaani ile sehemu ya chipu ya mazabodi inayosimamia matundu ya SATA ambamo diski huchomekwa, hupiga hodi kwenye kila tundu. Diski yenye umeme huitika, kisha pande mbili hukubaliana kasi ya mawasiliano, ambayo ni gigabiti 1.5, 3 au 6 kwa sekunde kutegemea umri wa vifaa, na baada ya hapo ndipo BIOS, yaani programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, huiuliza diski jina la modeli na ukubwa wake ili iiingize kwenye orodha. Windows haihusiki hata kidogo katika hatua hizo. Kwa hiyo diski isipoonekana kwenye orodha ya BIOS, kufuta Windows na kuiweka upya, kama fundi alivyofanya, hakuwezi kusaidia chochote. Tena angalia kwa makini jina linaloandikwa pale diski inapojitokeza: likiwa ni jina kamili la modeli na ukubwa wake sahihi, hiyo ni habari njema sana, kwa sababu diski inayoshindwa kusoma taarifa zake yenyewe kutoka kwenye sahani zake, yaani zile duara zinazozunguka na kuhifadhi data, mara nyingi hujitambulisha kwa jina lisiloeleweka au kwa ukubwa wa sifuri. Ukikuta hali hiyo, zima kompyuta na usijaribu jambo jingine lolote.

Umeme ndio unaosahaulika kuliko vyote. Diski ya inchi 3.5 hutumia volti 12 kuzungusha mota na volti 5 kwa ajili ya saketi, na katika zile sekunde chache za mwanzo, mota inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote, kiasi kinachoweza kukaribia ampea 2 kwenye njia ya volti 12. Pawa saplai, yaani kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikichoka inaweza kuendesha mazabodi na feni zake bila shida, lakini ikachelewa kuiamsha mota hiyo, na BIOS inapopita kukagua ikaona tundu liko tupu. Hilo lingeeleza vizuri kwa nini diski yako huonekana unapoiwasha kompyuta upya bila kuizima, kwani kwa mara ya pili mota inakuwa tayari inazunguka. Ingia kwenye BIOS, uondoe ule mpangilio wa kuwaka haraka ili ukaguzi uchukue muda wake wote, kisha chomeka diski kwenye waya wa umeme usioshirikiana na kifaa kingine. Ukiweza kuazima pawa saplai nzima kutoka kwenye kompyuta nyingine kwa saa moja, itakuwa bora zaidi.

Ile diski ya pili, uliyoitoa kwenye kasha la nje la USB baada ya kasha kuharibika, ina habari yake tofauti, nami nataka nikae hapo kidogo kwa sababu mafundi wengi huitupa diski nzima kwa kutolijua jambo hili. Unasema ndani ya kasha ilikuwa ikizunguka, lakini ndani ya kompyuta haitoi hata mlio. Kichwa cha umeme cha SATA kina pini 15, na zamani pini 3 za kwanza zilitengwa kwa volti 3.3, ambazo diski kubwa karibu zote hazikuzitumia. Baadaye kanuni za SATA zilibadilishwa, pini ya 3 ikapewa kazi nyingine: volti zikifika hapo, diski hujizima, ili wenye vyumba vya maelfu ya diski waweze kuizima na kuiwasha kwa mbali diski iliyokwama. Diski nyingi zinazouzwa ndani ya makasha ya nje zimetengenezwa kwa kanuni hiyo mpya, ilhali pawa saplai ya zamani kama yako bado inapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo hiyo. Diski basi inatii amri na kukaa kimya, na mtu anadhani imekufa.

Tiba yake ni rahisi. Kwenye diski, hesabu pini za umeme ukianzia upande uliopakana na kichwa cha data, na uifunike pini ya 3 kwa kipande chembamba cha ule utepe wa rangi ya kaharabu unaostahimili joto, ambao mafundi wa simu huutumia wanapochomea. Utepe mweusi wa umeme usiutumie, kwa kuwa gundi yake hulainika na kusogea. Njia nyingine ni kutumia waya wa kuunganisha kutoka kwenye kile kichwa cha zamani cha pini 4, ambacho kina volti 12 na 5 tu. Ukichagua njia hiyo, nakusihi uepuke zile waya ambazo kichwa chake cha SATA kimemiminiwa plastiki na kuwa kitu kimoja na nyaya, kwa sababu za aina hiyo zimejulikana kuungua. Tafuta zile ambazo kila waya umeingizwa na kubanwa mahali pake. Diski hiyo ikishawaka, Windows inaweza kudai kwamba haina kitu na kukuomba uianzishe upya. Kataa. Baadhi ya makasha huyafunga mafaili kwa msimbo uliomo kwenye saketi ya kasha, na mengine huipimia diski vipande vya baiti 4096 badala ya 512, hivyo mpangilio wake hausomeki nje ya kasha ingawa picha zote zimo. Kinachohitajika hapo ni kasha la aina ile ile.

Nirudi sasa kwenye diski ya picha. Badilisha kebo ya data kwanza, hata kama ya sasa inaonekana nzima, na uchukue yenye kibanio cha chuma, maana vichwa hivyo havikukusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Pale diski itakapojitokeza, soma taarifa zake za afya kwa programu ya CrystalDiskInfo, na uniandikie thamani ghafi ya kipengele namba 199, ambacho programu hiyo inaweza kukionyesha kama C7. Hicho huhesabu mara ambazo data imeharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Kikiwa kinaongezeka, mtuhumiwa ni kebo au tundu. Namba 5 na 197 ndizo zinazozungumzia uso wa sahani. Hizo zikiwa sifuri, nitafurahi mno.

Halafu kuna mazabodi yenyewe, ambayo ndiyo ninayoishuku kuliko kitu kingine. Kwa jina la chipu ulilonitajia, P67, ni katika kundi ambalo watengenezaji wake, Intel, walitangaza kasoro yake tarehe 31 Januari 2011, mwezi ule ule lilipoingia sokoni. Ndani ya chipu hizo, transista moja inayohusika na saa ya matundu ya gigabiti 3 ilikuwa ikipewa volti nyingi kupita kiasi, na kadiri muda unavyopita matundu hayo hudhoofika: makosa huongezeka, kasi hupungua, na mwishowe diski hukatika kabisa. Intel walisimamisha usambazaji na kukadiria gharama ya kurekebisha na kubadilisha kuwa dola milioni 700, na chipu zilizofuata zikapewa alama ya B3. Tazama kwenye ubao, kwenye boksi lake kama ulipewa, au kwenye ukurasa wa kwanza wa BIOS, kama alama hiyo ipo. Bidhaa iliyotumika hufika kwetu baada ya kupita mikono mingi, na muuzaji aliyekuuzia huenda naye hakujua lolote.

Jambo la kufariji ni kwamba kasoro hiyo haikugusa matundu mawili ya gigabiti 6, yaani namba 0 na 1, nami nina hakika diski yako haikuchomekwa huko, kwa kuwa umesema ipo kwenye tundu la mwisho chini. Ihamishie kwenye moja la hayo mawili. Lakini uwe mwangalifu: mazabodi nyingi za wakati ule zina pia matundu ya ziada yanayosimamiwa na chipu nyingine, kwa mfano ya Marvell, nayo huandikwa gigabiti 6. Hayo yanaweza kuwa yamezimwa kwenye BIOS, na hata yakiwashwa, Windows inaweza kuhitaji draiva yake, yaani programu ya kuitambua chipu hiyo. Fuata namba zilizochapwa kwenye ubao, rangi zisikupotoshe.

Kuhusu jampa, yaani kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini za diski, ya kupunguza kasi ambayo fundi alikuambia aiweke, hiyo iliwafaa wenye mazabodi za zamani zaidi zenye chipu za VIA kama VT8237, ambazo hazikuweza kukubaliana kasi na diski za gigabiti 3. Kwa mazabodi yako haina kazi.

Umeme unapokatika huko Moshi kama unavyokatika huku, angalia kama saa na tarehe ya kompyuta zinarudi nyuma. Zikirudi, ile betri ya duara ya CR2032 imeisha, na pamoja na saa, mipangilio ya BIOS nayo inapotea. Tundu ulilolifungua linaweza kujifunga, na namna ya kidhibiti kufanya kazi inaweza kugeuka kutoka AHCI kwenda IDE au RAID (ile ya kuunganisha diski kadhaa kuwa kundi moja), na Windows iliyowekwa chini ya namna moja mara nyingi hukataa kuwaka chini ya nyingine. Nunua betri mpya kabla ya kubadilisha chochote, maana ni ya bei ndogo, kisha uandike kwenye karatasi mpangilio wa sasa kabla ya kuugusa. Na ikitokea ukakuta RAID, usikubali kwa namna yoyote ombi la kuunda kundi la diski, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kufuta mpangilio wa mafaili yako.

Yule aliyekuambia kwamba diski huharibika huku kwetu kwa sababu ya mwinuko hakukuambia kweli. Ni kweli kwamba vichwa vya diski huelea juu ya hewa nyembamba sana, na ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo cha mwinuko, lakini kikomo hicho kwa kawaida ni kama mita 3,000, nasi hapa Arusha tuko takriban mita 1,400, na ninyi mko chini yetu. Ungelazimika kuipandisha hadi kituo cha Horombo cha Mlima Kilimanjaro, kwenye mita 3,720, ndipo hoja hiyo iwe na uzito.

Ninalokuomba kuliko yote ni hili: diski ikijitokeza kwa uthabiti baada ya hatua yoyote kati ya hizo, acha uchunguzi papo hapo na unakili picha zote kwenye diski nyingine, ukianza na zile za watu wasio na nakala. Ikianza kugonga, izime. Usimruhusu mtu aifungue, na usimruhusu abadilishe ubao wake wa saketi kwa wa diski nyingine hata kama modeli ni moja, kwa sababu ndani ya ubao huo mna chipu yenye vipimo vya diski hiyo tu.

Ikishindikana, njoo nayo mwenyewe Jumamosi. Ifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, uizungushie sponji, na uishike mapajani. Usiiweke kwenye buti la gari pamoja na mizigo kati ya Boma Ng'ombe na Usa River. Ninayo kompyuta ambayo kidhibiti chake nimekithibitisha, na tutaijaribu hapa kwangu tukiwa wote wawili. Kabla ya hapo nijulishe mambo matatu tu: kama umeiona alama ya B3, namba ya tundu ilimochomekwa sasa, na ile thamani ya 199.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
wa Arusha