Barua kwa manesi wetu mnaokwenda Arnhem Land

Wanangu, hamjambo.

Nimesikia watatu kati yenu mmepata mikataba ya zahanati huko Arnhem Land, katika jimbo la Northern Territory, kaskazini mwa Australia, na wengine mko mbioni. Hongereni. Mimi nilikaa kule miaka tisa kabla ya magoti kunirudisha Tanga, basi nivumilieni kidogo.

Mtakabidhiwa rundo la stika za kukataza sigara ndani ya nyumba. Wiki yangu ya kwanza nilibandika moja mlangoni mwa watu bila kumuuliza yeyote, nikaondoka kifua mbele. Niliporudi niliikuta imehamia dirishani, imeziba tundu la wavu wa mbu. Imebandikwa vizuri, haina hata kunyanzi. Hakuna aliyenigombeza. Nilipewa kiti na chai, haya nikaona mwenyewe.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu na watu kumi na watatu. Msimu wa mvua hakuna anayetoka nje usiku kuvuta, kwa hiyo aliyevuta na asiyevuta wanalala katika moshi mmoja. Mtauona kwenye masikio kabla ya mapafu: mtoto hajatambaa, sikio linatoa usaha. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wenye usaha sugu wa masikio wakizidi 4 katika 100, hilo ni tatizo kubwa linalotaka hatua za haraka. Vijiji vingi vya huko vimeupita mpaka huo kwa mbali. Moshi si sababu pekee. Msongamano nao umo, na nyumba hamtazijenga nyinyi. Lakini moshi unaweza kutolewa nje leo.

Nani wa kuutoa? Pale alikuwa bibi mwenye nyumba, naye alikuwa na kikwazo. Mvutaji mkubwa alikuwa mume wa bintiye, na kwa Wayolngu, wenyeji wa asili wa Arnhem Land, mama mkwe na mkwewe hawasemezani wala hawatazamani usoni. Sisi tuliolelewa kumstahi mkwe tunaanza kuelewa, ila kwao jambo hili ni zito zaidi. Basi hakumwambia neno. Alichukua kopo tupu la maziwa ya unga, akalipeleka chini ya mkwaju, hatua kama ishirini kutoka barazani, kisha akamtuma mjukuu akamwambie baba yake kwamba kopo la majivu limehama. Kufika jioni, mkeka na karata vilikuwa vimelifuata.

Hizo hatua ishirini zina maana. Anayevuta barazani, au dirishani akipuliza nje, moshi wake unarudi ndani. Kwenye gari ndiyo kabisa, hata vioo vikiwa chini.

Mkwaju wenyewe una habari yake. Mabaharia wa Makassar, kutoka kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, walikuwa wakija pwani ile kila mwaka na pepo za msimu kuvua majongoo bahari, hadi serikali ilipowafungia na jahazi la mwisho likaondoka 1907. Mikwaju iliota walipopiga kambi. Tumbaku nayo waliileta wao. Wayolngu wanaiita ngarali', na imeingia hadi kwenye matanga yao. Baadaye wamisheni na wenye mashamba ya ng'ombe wakaifanya posho: mtu anafanya kazi, analipwa unga, sukari na tumbaku. Kwa hiyo msifike mkawahubiria wazee kama watoto waliookota tabia mbaya njiani.

Na mkikuta nyumba ya marehemu inafukizwa kwa majani, nyamazeni. Huo ni moshi mwingine. Nyinyi mliokulia kwenye udi na ubani hamhitaji kuelezwa.

Kazi yenyewe wenyeji wanaifanya. Miwatj, shirika la afya linaloongozwa na Wayolngu, lina mpango uitwao Yaka Ngarali', yaani hapana tumbaku, na wanaozungumza na familia ni watu wa pale pale, kwa lugha ya nyumbani. Mpango wa kitaifa wa kupunguza sigara kwa wenyeji wa asili wa Australia, yaani Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, ulianza 2010, mratibu wake akiwa Tom Calma, mzee wa makabila ya Kungarakan na Iwaidja. Kati ya 2018–19 na 2022–23, wanaovuta kila siku, kuanzia miaka 15 kwenda juu, walishuka kutoka asilimia 37 hadi 29. Vijijini mbali bado wako juu ya hapo.

Nyinyi endesheni gari, bebeni maji, kaeni nyuma ya hao wenzenu. Ulizeni kwanza nani ana sauti katika nyumba, na nani anaruhusiwa kumwambia nani. Habari ya kuacha kabisa isubiri. Anzeni na kopo.

Stika zangu zilizobaki niliziacha kwenye droo ya chini, karibu na glavu. Zikiwa bado zipo, zinashika vizuri sana kwenye wavu.

Bibi yenu, Tanga