Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mdahalo wa Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Mstaafu wa Jeshi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa Nachingwea. Tumeambiwa saa nane una safari, kwa hiyo historia ya klabu tutaipitia mbiombio. Ilianza na wanafunzi 11 chini ya mwembe. Leo tupo 14, ongezeko la zaidi ya robo. Mwaka jana tulishika nafasi ya pili katika mdahalo wa tarafa (shule ya tatu gari lao liliharibika njiani). Cheti kipo ofisini kwa Mwalimu Mkuu, maana sisi hatuna pa kukiweka. Hilo tutalirudia.

Mada ya leo umeisikia: mataifa yasiyokubaliana kisiasa yanawezaje kuwa washirika wa kweli vitani? Walioshinda walishinda kwa mfano wa hapahapa. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake wakapata mafunzo hapa Nachingwea. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, Msumbiji ilikuwa na uhuru wa miaka mitatu tu, na Rhodesia ikiishambulia. Hata hivyo Rais wake, Samora Machel, alituletea batalioni nzima, askari wapatao 800.

Halafu, tarehe 16 Machi 1984, Samora huyohuyo akatia saini Mkataba wa Nkomati, wa kutoshambuliana, na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Mwalimu Nyerere hakufurahishwa. Lakini mwaka 1987 jeshi letu, JWTZ, lilikuwa jimbo la Zambezia, likipigana na waasi wa RENAMO bega kwa bega na jeshi la Msumbiji, wakati uchumi wetu wenyewe ulikuwa hoi. Baadhi ya waliokufa huko wamelala Naliendele, Mtwara. Wewe, Mheshimiwa, unayajua hayo kuliko sisi.

Mzee mmoja wa kijiji jirani, aliyekuwa Zambezia, tulimuuliza kama Nkomati haikumkwaza. Alicheka. Akasema mkataba aliusikia redioni kama sisi tunavyosikia bei ya dizeli. Yeye alikuwa anakwenda kwa watu aliokula nao ugali sinia moja, na waliokuja Kagera bila kuombwa mara mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo lilipo ombi letu.

Maneno ya wazee kama huyo tumeyaandika katika madaftari tisa. Yanakaa kwenye katoni ya mafuta ya kula, chini ya meza ya mwalimu mlezi. Masika iliyopita maji yaliingia, na daftari la nne wino ukachuruzika. Katika ukurasa wa safari ya Zambezia yamebaki maneno manne yanayosomeka: "tulivuka mto usiku tukiwa". Tukiwa nini, hatujui. Tulitaka kurudi kumuuliza, lakini mzee alifariki mwezi Mei.

Chumba cha kumbukumbu tulishaanza kukijenga. Wazazi walifyatua matofali, kuta zikafika kwenye lenta. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi bati 40. Tulimpigia makofi, naye akapiga picha ameshika tofali. Picha tunayo. Mgeni rasmi wa mwaka jana alituahidi kulifuatilia suala la bati za mwaka juzi, na tunaamini bado analifuatilia. Katibu wetu ameandika barua tatu. Moja ilijibiwa, kwamba imepokelewa. Wakati huo chumbani umeota mpapai, na umeshazaa. Mbuzi wa majirani wanaushukuru kwa kivuli.

Hatulinganishi bati na batalioni, Mheshimiwa. Tungekuwa watovu wa adabu. Ila katika kusoma kwetu kote hatukukuta mahali ambapo Msumbiji iliambia Tanzania kwamba suala la Kagera lipo kwenye mchakato.

Tulikuwa pia na maombi ya projekta na jezi. Kamati imeyaondoa, ili usije ukachagua lililo rahisi. Tunaomba bati 40 za geji 28, mbao za kenchi, misumari, na kabati moja la chuma lenye kufuli. Fundi tunaye, ni mzazi, na amekubali kufanya kazi bure. Kama zote haziwezekani, tupe 20 tuezeke upande mmoja. Na kama hata hizo haziwezekani, tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa utuambie leo, hapahapa, ili tusikate mpapai bure. Mvua zinaanza Desemba.

Mheshimiwa, kwenye kiti chekundu, mstari wa mbele, ameketi babu yetu aliyeendesha lori la jeshi mpaka Zambezia. Ana miaka 79. Jumamosi iliyopita tulianza naye daftari la kumi. Amefika walipovuka Ruvuma, akachoka, akasema tuendelee wiki ijayo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Klabu ya Historia