Baiskeli ya kulala imenirudisha barabarani, sasa naomba njia

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kangemi na hii barua ilianza na kiti cha baiskeli kililetwa kwangu mwezi wa tatu nikishone. Si kile kiti tumezoea. Hiki ni wavu mgumu kama ule wa pembeni ya begi za shule, umevutwa juu ya fremu ya mabomba na kukazwa nyuma na kamba venye unafunga kiatu, na ulikuwa umeraruka pale kiuno kinaegemea. Mzee aliyekileta akaniambia mama, hapa pitisha sindano mara mbili, uzito wote unakaa hapa. Nikamuuliza ni baiskeli gani hiyo mtu anaegemeza mgongo, akaniambia toka nje uone.

Kwa Kiingereza inaitwa rikambenti, sisi hapa mtaani tunaiita tu baiskeli ya kulala. Unakaa umeegemea nyuma kama mtu ako kwa kochi, miguu imetangulia, pedeli ziko mbele hata kupita gurudumu la mbele, na hilo gurudumu ni dogo la inchi 20. Usukani wa ile ya mzee uko chini ya kiti, mikono inashuka tu kando ya mapaja. Kuna zingine usukani uko juu ya magoti, na kuna za magurudumu matatu ambazo hata kama hujui kubalansi utaendesha siku hiyo hiyo.

Sasa mbona namsumbua mhariri na hii habari. Nimeendesha baiskeli ya kawaida miaka 11, napeleka nguo za wateja Westlands na kurudi na uzi na zipu, na miaka miwili iliyopita vidole vyangu vikaanza kufa ganzi, hasa kile kidogo na kile kinafuata, halafu shingo, halafu kiuno, na fundi wa nguo bila vidole ni nani? Daktari akaniambia niachane na baiskeli na nikaachana nayo, nauli ya matatu ikaingia kwa bajeti ya nyumba. Hakuna mtu aliniambia kwamba shida haikuwa kuendesha, shida ilikuwa venye nimekaa. Kwa baiskeli ya kawaida unalalia mikono yako, shingo inabidi uinue ndio uone mbele, na makalio yako juu ya kitu kidogo kama ngumi. Kwa hii ya kulala mgongo wote na makalio ndio yanabeba, mikono kazi yake ni kushika na kuongoza tu.

Mzee alinifundisha kwa uwanja wa kanisa Jumamosi tatu. Nilidhani kwa sababu najua baiskeli nitapanda na kwenda, haiko hivyo, mwili lazima ujifunze upya. Unaweka pedeli moja juu, unaegemea kabisa mpaka mabega yaguse, breki umeshika, halafu unaachilia na kusukuma kwa nguvu mara moja na mguu wa pili unaufuata juu haraka. Mimi nilikuwa najiinua kidogo kama mtu anataka kuona na hapo ndio inayumba. Mzee akawa ananiambia lala mama, lala, legeza mikono, angalia ule mti. Siku nililala kweli nikaangalia ule mti ikaenda yenyewe, na nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema, manake nilikuwa nimejiambia hayo mambo yameisha.

Mlima ndio mwalimu wenyewe. Huwezi kusimama kwa pedeli ukatupa uzito, ni miguu peke yake, kwa hivyo unashusha gia kabla mlima haujaanza na unazungusha haraka haraka bila kusukuma kwa nguvu, ukilazimisha gia nzito magoti yatakuambia. Na ukikaribia kusimama unashusha gia kwanza, la sivyo hutaanza tena. Kutoka Westlands kurudi Kangemi nachukua muda mrefu kuliko zamani, nakubali. Lakini nafika vidole viko hai na nakaa kwa cherehani saa hiyo hiyo.

Watu wananiuliza kama ni nzuri hivo mbona hatuzioni. Hata mimi niliuliza, na jibu limenikaa moyoni. Ufaransa kulikuwa na mtu anaitwa Charles Mochet, alitengenezea mtoto wake kigari cha pedeli, kutoka hapo akafikia baiskeli ya kulala. Mwaka 1933 huko Paris, Francis Faure, ambaye hakuwa kati ya wale wakubwa wa mbio, akaipanda na kwa saa moja akaenda kilomita 45.055, akavunja rekodi ya Oscar Egg iliyokuwa imekaa tangu 1914. Ni upepo tu, mtu aliyelala anakata upepo kidogo kuliko aliyeinama. Mwaka uliofuata chama cha dunia cha mbio za baiskeli, UCI, kikaandika upya baiskeli ya mbio inafaa kuwa aje na hii ikatupwa nje. Kitu kama hakiko kwa mbio kubwa hakionekani, na kisipoonekana viwanda havitengenezi nyingi. Karibu miaka 90 baadaye mama wa Kangemi ameambiwa akae nyumbani kwa sababu hakuna aliyejua kuna njia nyingine ya kukaa.

Sasa barabara. Hii baiskeli ni ya chini, kwa hivyo nimeshona bendera ya kitambaa cha riflekta nikaifunga kwa fimbo ndefu nyuma, na dereva wa matatu anaiona. Shida yangu kubwa si matatu. Ni ile njia ya baiskeli pembeni ya barabara, unakuta meza ya mitumba, boda boda zimepanga, gari limepaki, na mahali hakuna kitu kuna zile nguzo za simiti zimewekwa karibu karibu kuzuia pikipiki. Mimi wa magurudumu mawili napita kwa kujipinda. Ya magurudumu matatu upana wake ni kama sentimita 80 na mahali kwingine haipiti kabisa.

Na mlinzi wa duka moja kubwa alinikataza kuingia akasema hizo ni za walemavu. Sikukasirishwa na kulinganishwa nao. Nilienda nikifikiria wale ndugu zetu wa baiskeli za mkono, wako Nairobi kabla yangu, wako chini kama mimi na ni wapana kuliko mimi, na hizo meza na nguzo zimewafukuza kwa lami katikati ya malori miaka yote na sikuwahi kuandika barua. Naandika sasa. Kaunti yetu ilipitisha sera mwaka 2015 ikasema asilimia 20 ya pesa za barabara ziende kwa watembea kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Naomba wahusika waje na futi kamba wapime hizo nguzo, na wenye meza watafutiwe mahali, manake nao wanatafuta unga kama mimi.

Mzee amenikopesha yake mpaka mwisho wa mwaka. Yangu nimeenda kuongea na fundi wa kuchomelea kule Kamukunji, mabomba anayo, gia na magurudumu tutatoa kwa baiskeli mbili kuukuu, na cheni aliponisikia nikisema tatu ziunganishwe kuwa moja alinyamaza kidogo halafu akaniuliza itapita wapi, nikamchorea puli pale chini ya kiti. Ameshanipima mguu kutoka kiuno mpaka kisigino. Wavu nitashona mwenyewe, mara mbili pale kiunoni.

Mama Fundi,
Kangemi, Nairobi