Kifurushi cha kwanza cha Linux kisiachwe bila jibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna jumuiya za Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, zinavyompokea mtu anayeleta kifurushi chake cha kwanza cha programu na kuomba maoni.

Kuandaa kifurushi si kuandika programu. Mwandaaji huchukua msimbo wa programu ambao mara nyingi umeandikwa na mwingine, akaeleza jinsi ya kuujenga, mahali pa kuweka faili zake, leseni yake, na programu nyingine unazozitegemea. Hapo pa mwisho ndipo nilipojikwaa. Kifurushi changu kilijengeka vizuri kwenye kompyuta yangu, nikakitangaza kwa furaha, kumbe maktaba moja, yaani mkusanyo wa msimbo unaotumiwa na programu nyingine, niliyoisakinisha zamani na kuisahau haikuwamo katika orodha ya mahitaji, hivyo kwa wengine kilikwama mwanzoni kabisa. Wiki mbili zilipita kimya. Nakiri kwamba ombi langu lenyewe, "tafadhali kitazameni", halikumpa mtu pa kuanzia. Hatimaye mmoja aliniandikia sentensi mbili tu: nikijenge katika mazingira matupu yenye mfumo wa msingi peke yake, kisha nisome kosa litakalojitokeza. Nililiona kosa jioni ileile.

Taratibu zinatofautiana. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1993, humtaka mgeni apate mdhamini miongoni mwa wasanidi wenye idhini, ambaye hukikagua kifurushi na kukipakia kwa niaba yake. Katika hazina ya vifurushi vya watumiaji wa Arch Linux, toleo jingine, mwenye akaunti huweka faili ya PKGBUILD, yenye maelekezo ya kujenga kifurushi, bila kusubiri ukaguzi, na maoni huja baadaye kutoka kwa wanaoitumia. Zipo pia programu za kukagua, kama lintian ya Debian na namcap ya Arch, na ni utovu wa adabu kumwomba mtu muda wake kabla ya kuziendesha. Hata hivyo, programu hizo haziwezi kusema kama maelezo ya kifurushi yanaeleweka kwa asiyekijua, wala kama kuna haja yoyote ya kuwa nacho.

Nawaomba basi wakaguzi wataje kosa pamoja na sababu yake, kwa kuwa kuandika "soma mwongozo" bila kutaja sehemu inayohusika ni sawa na kutojibu. Nao wageni waulize jambo mahususi: je, leseni nimeitaja sawasawa, je, faili ya mipangilio ipo mahali pake? Na kila ambaye kifurushi chake kimekwisha kupokelewa atenge muda akipitie walau kimoja cha mgeni, hata kama jibu lenyewe litakuwa kwamba programu hiyo tayari imo katika hazina kwa jina jingine.

Wako,
Mwandaaji wa kujitolea